Nailoni ya kitalu nyumba idumu: dawa za jua zinavyosaidiana ndani yake, na namna ya kutozimaliza kabla ya wakati

Jua la Nyanda za Juu Kusini lina hila. Mwezi wa Julai, pale Uyole au Njombe mjini, mtu anashinda na koti mpaka saa nne, halafu anadhani nailoni ya kitalu chake nayo iko mapumzikoni. Kilichopungua ni joto tu. Miale ya urujuanimno, hii ambayo wauzaji huiita UV, huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ya kuichuja inakuwa nyembamba. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi, Njombe inakaribia 2,000. Tena tuko nyuzi 8 hadi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Februari mawingu ya mvua yanatukinga. Oktoba mawingu ni ya kutafuta.

Mwongozo huu ni wa mwenye kitalu nyumba cha nyanya, hoho au miche, pamoja na fundi anayemjengea. Karibu kila ninachoshauri hapa kinatokana na jambo moja: nailoni nzuri inakuja na dawa zake za jua zikiwa zimeshachanganywa kiwandani, na huwezi kuziongeza baadaye. Unachoweza ni kuzinunua zilizo sahihi na kuacha kuziua.

Hatua ya 1: Elewa kwanza nailoni inakufaje

Tunachokiita nailoni vitaluni ni polithini, minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Polithini safi kabisa haingenyonya miale ya jua inayofika ardhini, ambayo urefu wa wimbi lake huanzia karibu nanomita 295. Ila polithini safi kabisa haipo sokoni. Ilipoyeyushwa kiwandani kwenye joto la nyuzi 200 hivi, ilibaki na vijeraha: mabaki ya kichocheo, sehemu zilizokwisha kuguswa na oksijeni. Hivyo vijeraha ndivyo vinavyonasa mwanga.

Mwale ukikata kifungo kinachounganisha mnyororo, inabaki radikali huru, yaani kipande cha mnyororo chenye njaa ya kushika chochote kilicho karibu. Cha karibu ni oksijeni. Vikishikana inazaliwa radikali ya peroksi, nayo inampora mnyororo jirani haidrojeni yake. Jirani anageuka radikali na mchezo unaanza upya kwake. Nyuma inaachwa haidroperoksaidi, ambayo ikipigwa na jua au joto inapasuka na kutoa radikali mbili mpya. Hapo ndipo hesabu inapokuwa mbaya, kwani ajali moja inazaa mbili. Ndiyo sababu nailoni hukaa miezi na miezi ikionekana nzima, kisha ndani ya muda mfupi inakatika ukiigusa tu. Uharibifu ulikuwa ukiendelea siku zote, sema ulikuwa bado haujafika pa kuonekana.

Hatua ya 2: Wajue walinzi na kazi ya kila mmoja

Hapa nitakaa kidogo, maana asiyeelewa hapa atanunua kwa rangi ya gombo.

Mlinzi wa kwanza ni kifyonza miale. Majina ya kiwandani ni benzofenoni, benzotriazoli na triazini. Molekuli yake inanasa urujuanimno, inahamisha haidrojeni moja kutoka upande mmoja wa mwili wake kwenda mwingine, inaitoa ile nguvu kama joto dogo, kisha haidrojeni inarudi mahali pake. Iko tayari kwa mwale unaofuata.

Udhaifu wake ni unene. Chukua mfano wa nailoni ya maikroni 200 (maikroni 1,000 ni milimita moja), na tuseme kila maikroni 50 zinazuia nusu ya miale inayoingia. Baada ya 50 za kwanza imebaki nusu, baada ya 100 robo, baada ya 150 moja ya nane, na upande wa pili inatoka moja ya kumi na sita. Sehemu ya ndani imekingwa vizuri sana. Lakini ngozi ya juu kabisa, ile inayoangalia jua, haina kitu juu yake cha kuichujia. Na ufa huanzia kwenye ngozi hiyo. Kwa sababu hiyohiyo kifyonza peke yake kwenye nailoni nyembamba hakisaidii sana: hakina kina cha kufanyia kazi.

Mlinzi wa pili anaitwa halsi. Ni jamii ya amini, yaani misombo yenye naitrojeni, zilizobanwa pande zote na vikundi vya kaboni, zilizoingia viwandani miaka ya 1970 na kubadilisha kabisa biashara ya plastiki za nje. Halsi haizuii mwanga hata kidogo. Inaacha mwale upite, inaacha ajali itokee, kisha inamshika radikali kabla hajafika kwa jirani. Oksijeni inaigeuza amini kuwa nitroksili. Nitroksili inashikana na radikali ya kaboni. Kile kilichoungana kikikutana na radikali ya peroksi kinamtuliza huyo naye, na nitroksili inazaliwa upya. Molekuli moja inafanya mzunguko huo mara nyingi sana. Ndiyo maana kiasi kidogo, mara nyingi chini ya asilimia moja ya uzito wa nailoni, kinaweza kufanya kazi kwa miaka. Na kwa kuwa haitegemei unene, inalinda hata ile ngozi ya juu ambayo kifyonza kimeshindwa kuifikia.

Wanaoishi karibu na msitu wa Sao Hill wataelewa haraka: kifyonza kinapunguza cheche zinazodondoka kwenye nyasi, halsi ni vijana wenye matawi mabichi wanaozima kila palipoanza kuwaka. Cheche zikiwa chache vijana hawachoki mapema. Na vijana wakiwepo, kifyonza chenyewe kinadumu, kwa sababu molekuli za kifyonza nazo huliwa na radikali kama hakuna wa kuzizima. Viwili hivi pamoja hudumisha nailoni muda mrefu kuliko ukijaza kimoja kwa kiasi kilekile cha jumla.

Halsi zenyewe zina wadogo na wakubwa. Zenye molekuli ndogo hutembea haraka ndani ya plastiki na kufika juu panapohitajika, lakini hutoka pia haraka, kwa mvua na joto. Zenye molekuli kubwa hazitembei sana, ila hazipotei. Kiwanda kinachojua kazi yake huchanganya zote mbili.

Mlinzi wa tatu hufanya kazi yake kabla hujaiona nailoni. Ni vizuia oksidi: fenoli inayotoa haidrojeni kuwatuliza radikali wa peroksi, na fosfaiti inayovunja haidroperoksaidi taratibu bila kuzaa radikali. Kazi yao kubwa iko ndani ya mashine, wakati plastiki inapoyeyuka. Wakifanya vizuri, nailoni inatoka na vijeraha vichache, na halsi inaanza maisha yake bila deni.

Wapo wengine wawili utakaokutana nao. Misombo ya nikeli, inayochukua nguvu ya mwanga kutoka kwenye vijeraha kabla kifungo hakijakatika, huipa nailoni rangi ya kijani-manjano. Kisha masizi, yaani kaboni nyeusi. Masizi yakisagwa vizuri na kusambaa sawasawa ni kinga ya jua ambayo ni vigumu kuishinda, na ndiyo sababu mabomba ya polithini ya maji hutiwa masizi ya asilimia 2 hadi 2.5, na mipira ya matone na matanki mengi ni meusi. Ila kitalu chako kinahitaji mwanga, kwa hiyo kwenye paa masizi hayana nafasi.

Hawa wote hawapatani kila mara. Baadhi ya vizuia oksidi vyenye salfa, vizuri kabisa kwa kulinda plastiki dhidi ya joto, hutoa asidi inayoilemaza halsi. Kumbuka neno asidi. Tutalirudia kwenye dawa za ukungu.

Hatua ya 3: Dukani

Mazungumzo huwa haya:

"Kaka, hii ina UV?"

"Ina UV mama, hii ndiyo ya grinihausi yenyewe."

"Ya misimu mingapi?"

"Hiyo ni ya muda mrefu, mama. Wewe chukua tu."

Hapo usichukue. Omba karatasi ya maelezo ya kiwanda, au angalau picha yake kwenye simu, na utafute mambo manne. Unene kwa maikroni au geji (geji 800 ni maikroni 200). Muda uliothibitishwa, kwa miezi au misimu. Kiwango cha salfa na klorini ambacho nailoni inavumilia, kinachoandikwa kwa sehemu kwa milioni. Na upande upi uangalie juu, kwa sababu nailoni nyingi za kitalu zina tabaka tatu na kila tabaka lina mchanganyiko wake. Muuzaji ambaye hana karatasi anaweza kuwa na mali nzuri, lakini anakuuzia kwa imani.

Unene unaweza kuupima mwenyewe bila kifaa. Polithini ya maikroni 200 ina uzito wa gramu 185 hivi kwa mita moja ya mraba. Gombo la mita 4 kwa 50 ni mita za mraba 200, hivyo linapaswa kuwa na kilo 37, ukitoa bomba la karatasi la katikati. Ukilipandisha kwenye mizani ya magunia likasoma kilo 23, hiyo ni geji 500, haijalishi lebo inasema nini.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda, la taa ya kukagulia noti. Taa nyingi za aina hiyo hutoa mwanga wa nanomita 365 hivi. Weka kipande cha nailoni kati ya taa na noti. Alama zinazong'aa zikififia sana, ujue kuna kifyonza kinachofika mpaka hapo. Zisipofifia, usimwite muuzaji tapeli: inawezekana nailoni ina halsi tupu, na halsi haizuii mwanga, au kifyonza chake kinashika zaidi mawimbi mafupi. Jaribio linathibitisha jambo moja tu. Halsi haionekani kwa macho, hainusiki, na hakuna fundi wa kuiona kwa kupapasa.

Epuka nailoni ya ujenzi, ile ya kutandika chini ya zege. Inafanana na ya kitalu na ni nafuu, lakini imetengenezwa ikae gizani. Epuka pia iliyotengenezwa kwa plastiki ya rejelezi, hata ikiwa nene. Plastiki iliyokwisha kupigwa jua inabeba vijeraha vya zamani, kwa hiyo dawa mpya zinaanza kazi zikiwa zimeshaelemewa.

Mwisho, chagua kwa zao. Nailoni inayofyonza urujuanimno mpaka karibu nanomita 380 huwachanganya inzi weupe, kwa kuwa wanatumia mwanga huo kuona njia, na mwenye nyanya atashukuru. Mwenye bilinganya za zambarau afikirie mara mbili, maana rangi ile inahitaji mwanga huohuo. Mwenye nyuki wa uchavushaji naye vilevile, kwani nyuki wanautumia kuona.

Hatua ya 4: Kuvalisha fremu

Nailoni ikichanika, mara nyingi huanzia kwenye mstari wa bomba au nguzo. Chuma kilichopigwa na jua la mchana hupata joto kali, na joto linaharakisha kila hatua ya ule mnyororo wa ajali. Kutu nayo inaongeza: chembe za chuma huvunja haidroperoksaidi na kuzaa radikali hata pasipo mwanga.

Kwa hiyo, kabla ya kuvalisha:

- Piga msasa palipo na kutu, kisha paka rangi nyeupe ya maji sehemu zote zitakazogusana na nailoni. Iache ikauke kabisa. Rangi ya mafuta ina viyeyusho vinavyoingia ndani ya polithini, usiitumie.
- Nguzo za mikaratusi au misonobari zilizotibiwa, ambazo huku kwetu zinapatikana kwa urahisi kutoka Mafinga na jirani zake, zina chumvi za shaba au mafuta ya krosoti. Ziache zikauke wiki kadhaa, kisha uzifunike kwa ukanda mweupe wa polithini pale nailoni itakapolala.
- Mafundi wengi hufunga kwa kanda za tyubu. Tyubu ni nyeusi, inashika joto, na mpira wake umeivishwa kwa salfa. Kama huna kibanio kingine, weka kipande cha nailoni nyeupe katikati. PVC nayo isilaliane na nailoni, kwa kuwa inapozeeka hutoa asidi ya kloridi.

Gombo likae kivulini mpaka dakika ya kulitandaza. Usiliburute ardhini, kila mkwaruzo ni mlango. Kuhusu saa: ukivuta nailoni saa moja asubuhi ya Juni kule Njombe, mchana italegea na kupigapiga, ukiivuta saa saba mchana, usiku itakaza mpaka ikate kwenye misumari. Kati ya saa tatu na saa nne na nusu, kabla upepo haujaamka, ndiyo saa nzuri. Makambako, ambako upepo hauhitaji kuelezwa, ongeza kamba za juu kila baada ya fremu mbili. Nailoni inayopigapiga inapata nyufa ndogo za kuchoka, na nyufa hizo zinaikaribisha oksijeni.

Hatua ya 5: Kupulizia bila kuiua halsi

Hapa ndipo vitalu vingi vinapopoteza miaka. Halsi ni amini, na amini ni besi, yaani kinyume cha asidi. Ikikutana na asidi inageuka chumvi, na chumvi hiyo haiwezi kuingia kwenye ule mzunguko wa nitroksili. Haijaisha, imefungwa mikono.

Asidi inatoka wapi? Kwenye chupa zetu za dawa. Mankozebu, ambayo kila mkulima wa nyanya kutoka Ilula mpaka Uyole anaifahamu, ina salfa ndani ya molekuli yake. Salfa ya unga ya ubwiriunga ni salfa yenyewe. Metamu sodiamu ya kutibu udongo ina salfa. Klorothalonili ina klorini. Zikitua kwenye nailoni na kukaa na unyevu na jua, hutengana na kutoa asidi, kidogokidogo, kila wiki.

Siwezi kumwambia mtu aache kupulizia. Kwa baridi na ukungu wa huku, bakajani chelewa inamaliza nyanya ndani ya siku chache. Lakini kuna kupulizia na kupulizia:

Elekeza pua ya bomba kwenye majani, chini na juu, na ushushe mgandamizo ili ukungu wa dawa usipande kwenye paa. Ukitoka na paa linachuruzika dawa, umepulizia nailoni. Fungua pande za kitalu mara muda wa kukiacha kimefungwa uliotajwa kwenye lebo unapoisha. Mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi, osha nailoni ndani kwa maji matupu na kitambaa laini. Sabuni ya kufulia na jiki visikaribie. Salfa usiifukize kabisa ndani ya kitalu kilichovalishwa. Udongo utibiwe kabla ya kuvalisha nailoni, au pande zote zikiwa wazi mpaka harufu iishe.

Dawa nyingine nyingi utaziepuka kwa kupanga mimea isibanane na kumwagilia kwa matone badala ya mpira wa juu. Jani kavu halishikwi upesi na ukungu. Ni kilimo cha kawaida, ila faida yake inafika mpaka paani.

Mwenye zao lisiloweza kukaa bila salfa ana njia mbili. Aulizie nailoni yenye halsi ya kizazi kipya, iliyopunguzwa ubesi kwa kuwekewa oksijeni kwenye naitrojeni yake, ambayo asidi haiishiki kwa urahisi. Bei yake iko juu. Au achukue ile ya nikeli, kijani-manjano, ambayo salfa haiisumbui sana. Lakini nikeli ni metali nzito, na siku ya kuitupa inakuwa mzigo.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa Septemba

Siku ya kuvalisha, kata kipande cha ziada, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, kiviringishe na ukihifadhi kabatini, gizani. Hicho ndicho kipimo chako.

Kila Septemba, kabla ya jua la Oktoba na mvua zinazofuata, kata ukanda wa upana wa sentimita 1 na urefu wa 10 kutoka sehemu ya pembeni iliyopigwa jua sawasawa na paa. Kata mwingine kama huo kutoka kipande cha kabatini. Shika ncha, vuta polepole mpaka ukatike, ukiwa umelaza rula pembeni. Maabara huhesabu nailoni kuwa imefika mwisho pale inapobaki na nusu ya mvutiko wake wa mwanzo. Nawe tumia kipimo hichohicho: kama urefu wa ule wa kabatini umeongezeka kwa sentimita 40 na ule wa paani kwa 20, panga pesa ya nailoni mpya kabla ya mvua, usisubiri upepo ukuamulie.

Anza kukagua upande wa kaskazini wa paa. Kuanzia Mei hadi Septemba, miezi yetu ya anga jeupe, jua la huku liko kaskazini, hivyo mteremko wa upande huo unakula zaidi. Pitisha vidole pia kwenye mistari ya mabomba. Pakitoa unga mweupe au mlio mkavu ukikunja, ziba mapema kwa utepe maalumu wa vitalu. Selotepu ya maboksi haina halsi, inakauka na kuacha gundi.

Plastiki nyingine za shambani, kwa ufupi

Viriba vya miche ya parachichi na chai havihitaji gharama ya halsi. Vinakaa kitaluni muda mfupi, na masizi yanatosha. Neti ya kivuli nyeusi inadumu kwa sababu hiyohiyo, ya rangi nyingine iulizie kinga yake kama unavyouliza nailoni. Maturubai ya kuanikia mahindi na ya kufunikia meza za kahawa Mbozi yakunjwe na kuingizwa ndani msimu ukiisha. Mengi yanaoza yakiwa yametupwa juu ya banda bila kazi.

Nailoni ikishazeeka

Isichomwe. Ioshe, ikunje, uuze kwa wakusanyaji wa plastiki, ukiwaambia wazi kwamba ni ya kitalu na ilipuliziwa dawa, ili iende kwenye bidhaa za kawaida kama vile mbao za plastiki, isirudi kuwa chombo cha chakula. Kipande ambacho bado kinavutika kidogo kinafaa mahali pasipo na jua: chini ya tuta la mboji, au kwenye sakafu ya stoo ya mbolea, magunia yakae juu yake.